Waini gani na msosi gani: mwongozo kwa wanaokula pilau, kitimoto na samaki wa kupaka

Wadau, ile kanuni ya "nyekundu na nyama, nyeupe na samaki" imetoka kwa watu ambao nyama yao inatiwa chumvi na siagi basi, na samaki wao anakamuliwa limao kidogo tu. Sisi mbuzi tunampaka tangawizi na kitunguu saumu, samaki tunammwagia tui zito lenye ukwaju, kuku anazama kwenye nyanya na hoho, sasa ukiibeba ile kanuni kama ilivyo utajikuta unakunywa kitu kinachogombana na sahani yako halafu unaondoka unasema waini sio ya kwetu. Ni ya kwetu kabisa. Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka maana huko hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima anapunguza matawi na mti unaanza upya, na kuna familia Hombolo, Mpunguzi na Mvumi zinasomesha watoto kwa hilo zao.

Kwa hiyo ninachotaka ushike kwenye mwongozo huu ni kimoja: angalia mchuzi kabla ya kuangalia mnyama. Kilichotiwa kwenye sufuria ndicho kinachochagua chupa.

HATUA YA 1: Jua unachokionja ndani ya glasi

Achana na habari za harufu ya matunda ambayo hujawahi kuyaona. Kwa kazi ya kulinganisha na chakula vitu vinne vinatosha.

Cha kwanza ni ukakasi, ule wa bibo au zambarau unaokaza ulimi na fizi. Kitaalamu unaitwa tanini na unatoka kwenye ganda na kokwa za zabibu. Waini nyekundu inachachushwa pamoja na maganda yake ndo maana inakuwa na rangi na ukakasi, nyeupe inakamuliwa juisi inatolewa mapema, kwa hiyo ukakasi wake ni kidogo sana au hakuna. Cha pili ni uchachu, unaujua kwa mate: ukimeza na mate yakajaa pembeni ya ulimi basi waini ina uchachu wa kutosha. Cha tatu sukari. Waini drai sukari yake karibu yote imeliwa na hamira, swiiti imebakishwa au imeongezwa. Cha nne kilevi, waini nyingi za mezani ziko kwenye asilimia 12 mpaka 14 na kinajisikia kama joto kooni.

Watu wengi wanachanganya hapo, wanadhani nyekundu maana yake tamu na nyeupe maana yake kali. Rangi haikwambii sukari. Kuna nyekundu drai kabisa na kuna nyeupe tamu kama soda, soma lebo.

HATUA YA 2: Fanya jaribio la kisahani

Hii usiiruke, inachukua robo saa na itakufundisha kuliko maelezo yangu yote. Nunua chupa mbili, nyekundu moja drai na nyeupe moja drai, ya zabibu ya Chenin Blanc kwa mfano. Kwenye kisahani weka kipande cha ndimu, chumvi kidogo, sukari kidogo, pilipili iliyokatwa na kipande cha nyama chenye mafuta yake.

Onja waini kwanza bila kitu ujue ilivyo. Halafu lamba ndimu, kisha piga funda: waini inalegea, ule uchachu wake unapungua na inakuwa kama imeongezwa tunda. Lamba chumvi kisha nyekundu, utaona ukakasi na uchungu umeshuka. Sasa lamba sukari halafu rudi kwenye waini hiyohiyo, aisee, inageuka kali, nyembamba, chungu, utadhani chupa imeharibika. Pilipili ndo kabisa, nyekundu yenye kilevi kingi inauchochea ule moto, maana kilevi na pilipili vinaamsha neva zilezile mdomoni. Mwisho tafuna ile nyama yenye mafuta taratibu kisha nyekundu, na ukakasi unatulia, kwa sababu tanini inapenda kujishika na protini na sasa imepata protini ya nyama badala ya ya mate yako.

Ukishayaona haya kwa ulimi wako mwenyewe hakuna mtu atakayekutisha na chati.

HATUA YA 3: Soma sufuria

Kabla hujaenda dukani jiulize nini kimezidi kwenye chakula, na uulize kwa mpangilio huu.

Pilipili ipo kiasi gani? Ikiwa ni ile ya kutoa jasho basi inaamua kila kitu, tafuta waini yenye sukari kidogo, kilevi cha chini, ya baridi, na isiwe na ukakasi mwingi. Semi swiiti nyeupe au rozee (ile waini ya pinki) zinafanya kazi nzuri hapa. Hapa ndo mahali ambapo waini tamu zinazopendwa sana mitaani zina haki yake, sema watu wanazinywa na kila kitu mpaka na nyama choma ya chumvi, hapo siwezi kukubali.

Ikiwa pilipili ni ya kawaida nenda kwenye uchachu. Ndimu, ukwaju, nyanya, embe mbichi, kachumbari, vyote hivi vinataka waini yenye uchachu sawa au zaidi, la sivyo waini itaonekana imepooza.

Kuna utamu? Vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia, ndizi mbivu, nazi nyingi, vyote vina utamu wake. Waini isizidiwe utamu na chakula, hii ni sheria ambayo sijaona ikivunjwa ikaenda vizuri, na kwenye vitafunwa vitamu ndo inauma zaidi.

Halafu mafuta na moshi, hapa ndo pa ukakasi au uchachu, vyote viwili vinakata mafuta. Na mwisho uchungu, kama umepika mchunga au mnavu usilete nyekundu yenye ukakasi, uchungu juu ya uchungu unabaki mdomoni mpaka kesho.

HATUA YA 4: Dukani au grosari

Usichukue chupa iliyosimama dirishani inapigwa jua. Joto linaiua waini, kwa hapa kwetu hilo ni tatizo kubwa kuliko bei. Omba ya ndani, ya shelfu ya chini, na kwa waini nyeupe angalia mwaka kwenye lebo kama umeandikwa, chukua wa karibuni, nyeupe nyingi za bei ya kawaida zimetengenezwa zinywewe zikiwa changa.

Za Dodoma ukiweza anza nazo. Nyekundu nyingi zinatokana na zabibu inayoitwa Makutupora, jina la eneo la nje kidogo ya mji ambako kuna kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), na nyeupe nyingi ni Chenin Blanc, zabibu yenye asili ya bonde la mto Loire kule Ufaransa ambayo inakubali joto na haipotezi uchachu wake haraka. Hiyo sifa ndo inaifanya iwe rafiki wa chakula chetu, mimi ningekuwa na uwezo wa kuweka chupa moja tu nyumbani ingekuwa hiyo. Wapo waliopanda Syrah, Cabernet Sauvignon na hata mbegu za Kitaliano kama Teroldego na Aglianico, ukizikuta usiziache.

Za Afrika Kusini zimejaa kila supamaketi kuanzia Dar mpaka Nairobi. Chenin ndo zabibu iliyopandwa zaidi kule kwa hiyo inapatikana kirahisi. Pinotage nayo ni yao wenyewe, Abraham Perold aliizalisha Stellenbosch mwaka 1925 kwa kupandanisha zabibu za Pinot Noir na Cinsaut, ina kaharufu ka moshi kanakoendana na mkaa wetu vizuri sana.

Dompo ni kitu kingine. Imeongezewa kilevi na ni tamu, sio ya kujaza glasi na kula nayo ugali, ni ya baada ya chakula, kidogokidogo. Nitairudia huko chini.

HATUA YA 5: Sahani kwa sahani

Kitimoto. Naanza na hii maana hapa ndo watu wengi wanaagiza bia kwa mazoea tu. Ikitoka jikoni bado inalia kwenye sahani, pembeni imekauka na ndani mafuta yanatetemeka, pembeni kuna ndizi na kachumbari, unakamulia ndimu, unachovya kwenye chumvi na pilipili, midomo inang'aa. Sasa piga funda la Chenin drai iliyotoka kwenye barafu. Uchachu wake unayafyeka yale mafuta yote, ndimu inakutana na mwenzake, chumvi inaituliza waini, na ulimi unabaki msafi unadai kipande kingine. Nyama ndiyo, lakini waini ni nyeupe, na ukiangalia sahani (mafuta, ndimu, chumvi) utaona haikuweza kuwa kitu kingine.

Nyama choma ya mbuzi au ng'ombe. Hapa nyekundu drai yenye ukakasi ina kazi ya kufanya: Makutupora drai, Pinotage, Cabernet, Syrah. Nyama ina protini, ina mafuta, ina chumvi, na vyote vitatu vinalainisha ukakasi. Ila pilipili kichaa iweke pembeni kwenye kisahani chake kila mtu achovye kwa kiasi, ukiipaka nyama nzima utakuwa umeiua waini.

Pilau. Bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga. Chagua Syrah, na kwenye lebo za Afrika Kusini utaikuta pia kwa jina la Shiraz, ni zabibu ileile. Mtu akikwambia inanukia pilipili manga sio maneno ya muuzaji, watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2008 kwamba kemikali inayoipa pilipili manga harufu yake, rotundoni, ipo kwenye zabibu hiyo. Pilau ya nyama na Syrah isiyo nzito sana, na kachumbari usiitie ndimu nyingi, ni kitu kinachojieleza chenyewe. Biriani ni tofauti kidogo kwa sababu ya vitunguu vya kukaanga na mtindi, rosti lake lina utamu na uchachu kwa pamoja, hapo rozee drai au nyekundu laini ya Merlot ni salama zaidi.

Samaki wa kupaka. Sahani ngumu kuliko zote na ndo niipendayo. Samaki amechomwa ana moshi, tui limekuwa zito, kuna ukwaju au ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili. Usilete nyekundu. Kuna sababu ya kweli ya samaki na nyekundu kugombana: watafiti wa Japani mwaka 2009 walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye waini yakikutana na mafuta ya viumbe wa baharini yanazalisha ile shombo inayobaki mdomoni, na nyekundu mara nyingi zina chuma zaidi. Leta Chenin yenye mwili kidogo, yaani nzito kiasi mdomoni, au Chardonnay iliyokaa kwenye mapipa ya mwaloni, kwa sababu mbao ya mwaloni yenyewe inatoa harufu inayofanana na nazi na inaungana na tui bila shida. Mafuta ya nazi pia yanapunguza ukali wa pilipili kwa hiyo hata kama mpishi aliamka na mkono mzito una nafasi ya kutosha. Pweza wa nazi na kamba wa nazi fuata njia hiyohiyo.

Samaki wa kukaanga, sato au changu mzima na ndimu, dagaa wa kukaanga, bagia, kachori, hata chipsi mayai. Chumvi na mafuta na ukavu wa kukaanga, vinataka uchachu na ikiwezekana mapovu. Waini ya mapovu drai na chipsi mayai usicheke mpaka ujaribu, yai linaganda mdomoni na mapovu yanalisugua. Angalia tu lebo maana chupa nyingi tunazoziita shampeni kwenye masherehe ni tamu sana, na nyingine hazina kilevi kabisa.

Makange ya kuku, rosti la nyanya. Nyanya iliyopikwa muda mrefu ina uchachu na ina ule utamu wa supu unaofanya waini zenye ukakasi zionekane chungu. Tafuta nyekundu nyepesi yenye uchachu, hizo mbegu za Kitaliano nilizotaja zimezoea nyanya tangu kwao, Teroldego hasa maana Aglianico ina ukakasi zaidi. Ukikosa, rozee.

Ugali na mboga. Kisamvu cha nazi au cha karanga kinaenda na Chenin, mlenda sijapata jibu la kuridhisha, maharage ya nazi yanabeba nyekundu laini bila tatizo.

Vitamu. Kaimati, visheti, halua, keki ya chokoleti. Hapa ndo Dompo inakaa, glasi ndogo, ya baridi kidogo. Waini drai na keki ya harusi ni adhabu, kumbuka ule mlambo wa sukari kwenye jaribio letu.

HATUA YA 6: Ubaridi

Vitabu vinasema nyekundu inywewe kwenye joto la chumba, lakini chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18 hivi. Sebule ya Dar mwezi wa pili ni 30 na kitu, kwenye joto hilo unachosikia ni kilevi tu kinakuchoma pua. Kwa hiyo nyekundu nayo inaingia friji nusu saa kabla ya kula, bila aibu. Nyeupe na rozee saa mbili au tatu, zifike nyuzi 8 mpaka 12, za mapovu ziwe za baridi zaidi.

Umeme umekatika au wageni wameshafika? Chukua deli, weka barafu, ongeza maji mpaka shingo ya chupa, tupia chumvi kiganja kimoja. Maji ndo yanayogusa chupa pande zote, barafu peke yake inaacha mapengo, na chumvi inashusha joto zaidi. Dakika 20 kazi imeisha. Afadhali hivyo kuliko kutumbukiza vipande vya barafu kwenye glasi, vikiyeyuka unakunywa maji yenye rangi.

HATUA YA 7: Mezani

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kawaida, kwa chakula cha kukaa na kuongea piga hesabu ya nusu chupa kwa kila anayekunywa, na maji ya kunywa yawe mezani muda wote. Anza na nyepesi kwenda nzito, drai kwenda tamu, ukigeuza mpangilio hiyo drai itakayofuata itaonekana siki. Kwa sherehe yenye watu wengi waini ya boksi ni ya maana kuliko watu wanavyoidharau, mfuko wa ndani unanywea kadiri unavyomimina kwa hiyo hewa haiingii.

Usijaze glasi mpaka juu, theluthi inatosha, harufu inahitaji nafasi na waini haipati joto kabla hujaimaliza.

Na mgeni asiyekunywa, iwe ni kwa dini, ujauzito, dawa au hataki tu, usimpe soda ukamwacha pembeni. Hesabu ni ileile. Rozela isiyo na sukari nyingi ina uchachu na kaukakasi kwa hiyo inakaa na nyama choma na pilau, ukwaju unakata mafuta ya samaki wa kukaanga, madafu yanatuliza pilipili. Weka kwenye glasi nzuri kama za wengine. Na aliyekuja na gari aidha anywe rozela au funguo zibaki kwako.

Kilichobaki kwenye chupa kizibe, weka friji, hata kama ni nyekundu, utakikuta kizuri siku tatu mpaka tano, Dompo inavumilia wiki kadhaa kwa sababu ya kilevi na sukari. Nyekundu ikipita hapo ipeleke kwenye rosti la ng'ombe: kaanga nyama mpaka ishike rangi, tia vitunguu, mwaga glasi moja ya waini, kwangua ule ukoko wa chini ya sufuria na mwiko, acha ichemke mpaka harufu ya kilevi iondoke ndo utie nyanya. Chumvi onja mwishoni, maana waini ikikauka inakaza ladha ya kila kitu kilichomo.